Kisima cha Kibokoni na Rangi Niliyoimwaga Mimi

Mwanajuma ameniletea daftari la kurasa tisini na sita na kalamu mbili, akasema, "Andika, bibi, kabla hujasahau." Nikamwambia sijasahau kitu, na kalamu moja ingetosha. Lakini naandika, kwa kuwa yeye na wenzake ndio walioishika kazi yangu, na yako mambo ya kazi hiyo yasiyokuwamo vitabuni mwao. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Mkikuta neno limekaa upande, linyosheni wenyewe.

Niliingia ofisi ya maji kwa kazi ya ufagizi. Siku ya kwanza nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikakaa kizingitini. Aliyenikuta pale ni Mama Kadzo, aliyekuwa akiosha chupa za maabara. Alinitazama mikono kabla hajanitazama uso.

"Waweza kuosha kitu kimoja mara tisa?"

"Nimelea watoto watano."

"Watoto hawaoshwi mara tisa," akasema, akanipa brashi.

Ilikuwa mara tatu kwa sabuni, mara tatu kwa maji ya mfereji, mara tatu kwa maji yaliyokingwa kwenye mvuke. Mama Kadzo akiinusa kila chupa kama mtu anayeshuku maziwa. Alinifundisha kwamba chupa yenye uchafu usioonekana ni mbaya kuliko ile yenye tope, maana ya tope utaiosha, na hiyo nyingine utaiamini. Miaka sita niliosha chupa naye. Alipostaafu alinikabidhi brashi na kiti chake, na kiti kilikuwa kibovu.

Kisha akaja Bwana Kiptoo kuwa mkubwa wetu. Yeye alitoka bara, kule Bonde la Ufa kwenye mashimo ya mvuke, ambako moto wa chini ya ardhi huzungusha mitambo ya umeme. Alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyeinama kila mlango wa Mji wa Kale na bado akagonga kichwa. Wakati wa chai alipenda kueleza, na mimi nilipenda kusikiliza kwa kuwa wengine walikuwa wakimkimbia.

"Ukitoa mvuke tu bila kurudisha maji," alisema, "chini kutakauka. Ukirudisha maji baridi mahali pabaya, yatakimbia moja kwa moja hadi kwenye shimo la mvuke, yalipoze. Sasa utajuaje yanapita wapi? Hakuna mtu aliyewahi kuingia huko akarudi na habari."

"Utajuaje?"

"Unayatia alama. Unamwaga kitu katika shimo moja, halafu unangoja kwenye mashimo mengine uone kitatokea wapi na baada ya siku ngapi. Kama vile tunavyotia alama ng'ombe."

Nikamwambia sisi hapa hatuna ng'ombe, tuna paka, na hao hakuna anayejua waendako.

Kule kwao, alisema, rangi ya kawaida huharibiwa na joto, kwa hiyo hutumia dawa zinazostahimili moto. Sisi maji yetu ni baridi, rangi yatosha. Ni unga mwekundu kama tofali lililosagwa, lakini ukigusa maji wageuka kijani kibichi. Kidogo cha kujaa ukucha chatosha kulipaka birika zima la msikiti, na hakimdhuru mtu. Ukizidi kuchanganyika jicho haliuoni tena, ila taa ya zambarau huuona. Na ili kuunasa kisimani tulitundika vifuko vya makaa. Makaa hunywa ile rangi, wewe wayarudisha maabara, wayaloweka katika spiriti na dawa, na kama rangi ilipita, itatoka. Vifuko nilivishona mimi kwa kitambaa cha chandarua, kwa sababu vile vilivyoagizwa kutoka ng'ambo vilichelewa miezi minane na vilipofika vilikuwa vya kutilia majani ya chai.

Nilivyotoka kwenye chupa nikaingia visimani ni kwa sababu ya milango. Nyumba nyingi za Kibokoni zina kisima uani, ndani kabisa, na vijana wa ofisi walipopiga hodi walijibiwa kutoka juu, "Wanaume hawapo." Waliporudi jioni wakajibiwa vilevile. Nikamwambia Bwana Kiptoo, nipe mimi chupa. Nimezaliwa kule. Nilipita kwa Bi Zena, kwa Bi Fatma Mwinyi, kwa Mwana Saumu na dada yake Mwana Khamisi waliokuwa hawasemezani na wanatumia kisima kimoja, kwa Bi Shufaa aliyenitaka ninywe uji kwanza, kwa Maryamu wa Bakari, kwa Maryamu mwingine. Siku moja nilirudi na chupa kumi na moja na bakuli la mkate wa sinia.

Si kwamba yote yalikwenda sawa. Wiki ya kwanza ya vifuko, Bi Zena alivuta kamba akakuta kitu cheusi kimeshonwa kwenye kitambaa, akakibeba kwa koleo mpaka kwa maalim asomewe. Nikaitwa. Maalim alikuwa amekiweka juu ya kigae, anakitazama.

"Bi Mwanaisha, hiki ni chako?"

"Ni cha serikali, maalim."

"Hilo halijaniondolea wasiwasi," akasema. Lakini alinirudishia, na Ijumaa akawaambia watu kuwa makaa yale si hirizi. Tangu siku hiyo nilieleza kwanza, nikatundika baadaye.

Sasa nije kwenye kile ambacho Mwanajuma anakitaka hasa, nacho ni kosa langu.

Mtaani Kibokoni kipo kisima cha wakfu, nyuma ya msikiti. Watu hutawadhia maji yake, na mifereji ikikauka nyumba zaidi ya arubaini huteka hapo. Mwaka ule watoto wakaanza kuumwa matumbo, tukapima, maji yakaonekana yameingiliwa na choo. Swali likawa choo cha nani. Chini yetu ni jiwe la tumbawe, limejaa matundu kama mkate wa mofa, na kila nyumba ina shimo lake la choo. Kamati ya kisima ilikuwa chini ya Bwana Twalib, muuza vyuma, mtu mkavu lakini wa haki. Yeye na wenzake walitazama karibu, na karibu alikuwa Bi Rukia. Shimo lake liko hatua kumi na nane kutoka kisimani. Niliwahi kuzihesabu.

Bi Rukia alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Hamadi fundi cherehani, hata miezi miwili haijatimia. Alikuwa eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe, hatoki, wala haingii mwanamume asiye maharimu wake. Hawakuzaa. Nyumba ile ndiyo iliyobaki naye.

Kanuni ya Bwana Kiptoo ilikuwa moja, na aliisema kila asubuhi mpaka tukamuiga kwa nyuma: anayemwaga rangi hagusi vifuko. Athumani, mmoja wa vijana wa ofisi, ndiye aliyekuwa akimwaga. Siku ile Athumani alisimama mlangoni, dakani kwa Bi Rukia, na chupa yake, na Bi Rukia akajibu kutoka ndani, kwa adabu, "Mwanangu, uani haupiti, niko eda. Hata ungekuwa daktari."

Athumani akanitazama. Bwana Kiptoo alikuwa kwenye mkutano. Nikasema, lete.

Nilivaa glavu, nikaingia, nikamwaga shimoni, nikasukumia maji ndoo sita. Glavu nilizitupa, mikono nikaosha mara tisa, Mama Kadzo angeniona angefurahi. Siku iliyofuata nikaenda kutundika vifuko kisimani, na baada ya siku tatu nikavitoa. Bwana Kiptoo alipoviweka chini ya taa, vyote vinne viling'aa kijani. Sikumwambia nani alimwaga. Nilijiambia haina haja, kwani nilinawa.

Habari ikafika kwa kamati. Bwana Twalib hakupiga kelele. Alituma barua: shimo la nyumba ile lizibwe kwa zege ndani ya siku saba. Nyumba isiyo na choo haikaliki, basi mpwa wa Bi Rukia aliyeko Ganjoni angemchukua katika fleti yake. Bi Rukia alikuwa amebakiza siku sabini za eda. Kwa mwanamke wa rika lake, kutolewa nyumbani mwa mumewe katikati ya eda, tena kwa jina la mchafuzi wa maji ya msikiti, si kuhama, ni kufedheheka. Mtaa mzima ulilijua hilo.

Jumamosi nilikuwa nyumbani Buxton nafua. Niliweka leso zangu kwenye beseni, nikamimina maji, nikageuka kuchukua sabuni. Nilipogeuka tena beseni lilikuwa kijani.

Ilikuwa leso yangu ya kisutu. Kisutu ni nyekundu na nyeusi, na unga wa rangi ile ni mwekundu, hauonekani juu yake. Nilikuwa nimejifunga kiunoni siku ya kumwaga, nikafutia kifuniko cha chupa. Na siku ya pili, kwa kuwa mkoba wangu ulikatika mkono, vile vifuko nilivifunga kwenye pindo la leso hiyohiyo. Nikakaa kwenye kizingiti cha choo changu mwenyewe, nikatazama maji yale mpaka mjukuu wangu akaniuliza kama nauza juisi.

Jumatatu nilimwekea Bwana Kiptoo leso mezani. Aliinyunyizia maji, akaizimia taa za chumba, akaiwashia ile ya zambarau. Alama za vidole vyangu zilikuwa pale, tatu, na dole gumba.

Akawasha tena taa za chumba. "Nani anajua?"

"Mimi, wewe na beseni."

"Wakijua, mji mzima hautatuamini tena."

"Wasipojua, Bi Rukia atahama Alhamisi."

"Na wewe unaweza kufukuzwa kazi, Mwanaisha."

"Njia ya nyumbani naijua."

Akakunja leso polepole, kama mtu anayekunja kitu cha mwenziwe. "Tutaenda pamoja," akasema. "Mimi ndiye mkubwa wako. Nilipaswa kuuliza nani aliingia uani."

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Kamati ilikaa barazani, mimi nikasimama chini ya ngazi na buibui langu, nikasema yote kwa mpangilio. Nilipomaliza, Bwana Twalib alijifuta uso.

"Ofisi nzima, na mashine zenu, na taa zenu, mmeshindwa na leso?"

"Leso gani?" akauliza Mzee Ali Sudi, aliyekuwa mzito wa kusikia.

"Kisutu, baba," nikamwambia.

"Aa. Kisutu hutoa rangi sana."

Wengine wakacheka. Bwana Twalib hakucheka. "Mimi nina watoto wanaougua, Bi Mwanaisha. Wazazi wao nikiwaambia wangoje, wangoje nini?"

Nikamwambia aweke kufuli kisimani kwa sasa, atupe mpaka bamvua ipite, maji ya bahari yanapojaa sana na kupwa sana, na ya chini ya ardhi yakisukumwa nayo. Tutapima upya kwa mikono mingine. Kama ni Bi Rukia, nitakuja mimi mwenyewe kumsaidia kufunga mizigo.

"Bamvua moja," akasema. "Si mbili."

Kazi ngumu ilikuwa bado. Nilipiga hodi kwa Bi Rukia, nikamkuta ameketi ukumbini na nguo zake nyeupe za eda, anachambua mchele. Nikamweleza. Hakuacha kuchambua.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi, dada."

"Basi kaa. Kutoka nje nikufuate nikutukane siwezi."

Nilikaa. Akanisogezea upande mmoja wa ungo, tukachambua sote. Baada ya muda akasema, "Wajua hicho kisima kilipata kubadilika rangi kabla yenu? Hamadi alikuwa ameshalala kitandani, nikimtekea maji ya kuoga. Siku mbili yalitoka meupe, kama tui la mwisho. Ni pale Bwana Ghalib alipokuwa akichimba shimo la choo la ghorofa lake. Nyundo zilikuwa zikisikika mpaka humu."

Nikaacha mchele. "Hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Waliniuliza shimo langu lina kina gani."

Ghorofa la Bwana Ghalib, la wapangaji, liko kichochoro cha tatu, upande ambao hakuna aliyeutazama. Nilipomwambia Bwana Kiptoo, kwanza alikataa: ni mbali, na maji yangepaswa kuelekea baharini. Kisha akakaa na kalamu mdomoni. Kule kwenye mvuke, akasema, walishawahi kumwaga dawa, shimo la jirani lisipate kitu, na la mbali likapata wiki hiyohiyo, kwa sababu ya ufa mmoja. Na ule weupe ulikuwa vumbi la tumbawe. Bwana Ghalib alikuwa ametia alama maji bila kujua, na Bi Rukia ndiye aliyeisoma.

Bwana Ghalib mwenyewe hakuona taabu. "Choo changu kisimani kwenu? Labda maji yenu yana miguu. Mwageni hata pipa." Alicheka, akampa Athumani kiti.

Safari hii tulitumia rangi ya waridi, maana ya kijani ilikuwa tayari shimoni kwa Bi Rukia. Athumani alimwaga, akaenda likizo kwao Kwale asionekane kabisa. Vifuko alitundika Mwanajuma, aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa, msichana mwembamba wa maneno machache. Siku hizi yamemwongezeka. Mimi nilipigwa marufuku Kibokoni, nikabaki ofisini nashona. Na kifuko kimoja tulikiacha kwenye chupa yake, hakikutundikwa popote, kifuate vingine vyote njia nzima, ili kikionyesha rangi tujue ni ya mikononi mwetu, si ya kisimani. Hicho mnachokiita shahidi kilianza hapo. Kila mnapokisahau mkumbuke beseni langu.

Siku ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Ya tano bado giza, wala kijani wala waridi. Usingizi ulinipotea. Kijani kutoonekana ilikuwa kheri kwa Bi Rukia, lakini kamati ingesema hatukupima kitu, na zege lingekuja palepale. Siku ya saba bamvua ikaanza. Siku ya nane asubuhi Mwanajuma alileta vifuko, Bwana Kiptoo akavitia dawa, akazima taa.

"Njoo uone."

"Soma wewe."

"Shahidi, giza. Kijani, hakuna." Akavuta pumzi. "Waridi ipo. Ipo katika vyote vya kisimani."

Niliingia nikaona. Chini ya taa rangi ile huwa kama kaa la moto lililopulizwa. Mwanajuma akauliza kama nalia. Nikamwambia ni spiriti.

Bwana Ghalib alikuja maabara siku ya pili, hacheki. "Hii haikutoka kwenye leso ya mtu?"

"Leso iko kabatini, bwana," Bwana Kiptoo akamwambia, "na kabati lina kufuli."

Akatazama vifuko, akatazama shahidi, akataka aonyeshwe tena. Kisha akauliza tangi la kuzibwa pande zote lagharimu nini na fundi gani anaaminika. Nitamsifu kwa hilo: bei hakuiuliza mara mbili. Tangi likajengwa, lori la kunyonya likaja, lile shimo la zamani likajazwa. Kisima kikasafishwa, tukakipima mara tatu, na mara zote tatu maji yakawa safi. Mimi nilipewa barua ya onyo. Ninayo hadi leo, imeandikwa vizuri, haina kosa hata moja.

Bi Rukia alitimiza eda yake nyumbani mwake. Siku ya kutoka, wanawake tulikwenda kumwogesha, na yeye alitaka maji ya kisima cha msikiti, si ya mfereji. Bi Shufaa na Maryamu wa Bakari walibeba ndoo. Alivishwa nguo mpya, akafukizwa udi, akasimama nyuma ya mlango wake kwa kitambo kama anayejaribu viatu. Kisha akaufungua.

Barazani walikuwapo wanaume wa kamati. Bwana Twalib akainuka, na wengine wakainuka naye, hata Mzee Ali Sudi, aliyehitaji kushikwa mkono.

"Bi Rukia," Bwana Twalib akasema, na sauti yake ilikuwa chini. "Tulikukosea. Twaomba radhi."

Bi Rukia akawatazama mmoja mmoja. "Watoto wa mtaa hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Na maji?"

"Safi."

"Basi radhi mmepata," akasema. "Sasa nipisheni, nina miezi minne sijaliona soko."